Jina la Aliyetoa Mwamba

Mwamba wenyewe ulikuwa mpana na laini, umeinama kidogo kuelekea ziwani, kana kwamba zamani sana ulianza kuingia majini kisha ukaghairi. Asubuhi ulikuwa baridi kama sahani. Jua likipanda, ulishika joto, na dagaa waliomwagwa juu yake wakaanza kujikunja na kung'aa, mpaka ukisimama mbali hukujua kama unaona samaki au ni ziwa limepanda juu ya jiwe kujianika. Niliwahi kulala pale mchana, khanga usoni, nikisikia maji yakigonga chini ya sikio langu, nikashindwa kujua kama niko nchi kavu.

Mwamba ule ulikuwa wa mama mkubwa, dada wa kwanza wa mama yangu. Ndivyo tulivyoamini sote, mpaka alipotakiwa kuthibitisha.

Ilikuwa miaka ya tisini, tulipoambiwa kwamba sasa kila kitu ni huria. Mjini Mwanza viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vinaota kando ya ziwa, na maduka ya Nyamagana, ambayo utotoni mwangu yalikuwa na rafu tupu, yalijaa redio na viatu vya plastiki. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo kikuu. Waliotutangulia walipangiwa kazi na serikali kabla hata ya kuvua joho. Sisi tulimaliza tukakuta mlango huo umefungwa. Nikarudi kwa wazazi wangu Butimba, nikawa nasoma magazeti ya jana na kubishana na baba kuhusu kila jambo, likiwemo la kama Mungu anasikia Kisukuma au anatafsiriwa. Mama akachoka. Akaniambia nivuke nikamsaidie dada yake kuanika dagaa.

"Huko hakuna wa kubishana naye," alisema, "ila kunguru."

Kijiji cha mama mkubwa kilikuwa upande wa Kamanga, mwendo wa kutosha kwa miguu ukishashuka kwenye kivuko. Alikuwa mjane, na hakujaliwa mtoto. Katika ukoo wa marehemu mumewe hakuwa mama wa mtu yeyote wala bibi wa mtu yeyote. Alikuwa na nyumba ya vyumba viwili, na alikuwa na mwamba. Wanawake wengine wa mwalo ule, pale mitumbwi iliposhushia samaki, walianika mchangani, na dagaa wao walikuwa wakisagika kama changarawe mdomoni. Wa kwake walikuwa safi, na wachuuzi waliotoka Mwanza walimtafuta yeye kwanza. Hicho ndicho kilichomlisha na kumfanya aitwe mtu wa pale.

Mfanyabiashara alikuja asubuhi moja tulivu, wakati makundi ya vidudu vidogo vya ziwani yamesimama juu ya maji kama moshi wa moto usioonekana. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye kofia ya kitambaa, na alileta kopo la rangi nyekundu. Akamwamkia mama mkubwa vizuri, shikamoo yake ikaitikiwa marahaba, kisha akainama akapiga mstari mwekundu katikati ya mwamba, taratibu, akiwakwepa dagaa.

"Unafanya nini, baba?" mama mkubwa aliuliza.

"Naweka alama, mama. Huu ufukwe nimenunua. Kuanzia ule mti wa mkuyu mpaka mwisho wa mawe. Nataka kituo cha kupokelea sangara, niweke mzani na barafu."

"Umenunua kwa nani?"

"Kwa shemeji yako. Tumeandikiana."

"Na mimi nianike wapi?"

Mtu yule akazungusha mkono kuonyesha mchanga wote wa dunia. "Mama, siku hizi ni soko huria. Hata mwamba unauzwa."

Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, alikuwa mzee mwenye maneno mengi, aliyeishi nyumba ya pili kutoka kwetu. Jioni ile alipita akiimba kama kawaida, akamwita mama mkubwa "mke wangu wa mkopo", naye akamjibu kwamba hata kwa mkopo hafai. Wakacheka. Habari ya mwamba hawakuigusa. Nilishangaa mpaka nikakasirika.

"Kwa nini usimshtaki yeye?" nilimwuliza alipokwisha kupita.

"Shemeji ni wa kutaniwa," alisema. "Hashtakiwi. Nitamshtaki yule wa rangi."

Nilivuka kwenda mjini kutafuta msaada. Mtu niliyesoma naye sekondari alikuwa amekuwa wakili, ana chumba cha ofisi juu ya duka la redio, na sauti za redio zilipanda kupitia sakafu kiasi kwamba kila alichonieleza kuhusu sheria kilikuja na muziki chini yake. Alinisikiliza, akacheka kwa upole.

"Shauri hilo linaanzia Mahakama ya Mwanzo," alisema. "Mimi huko siruhusiwi kumtetea mtu. Wakili haingii. Mdai anasema mwenyewe, mdaiwa anasema mwenyewe, hakimu anakaa na wazee wa baraza wawili wanaojua mila za mahali, mambo yanakwenda kwa Kiswahili. Asiyeridhika anakata rufaa Wilayani. Asiporidhika tena anapanda Mahakama Kuu, na kuna ya Rufani juu yake. Ngazi ni ndefu."

"Na kweli inapanda nayo?"

"Kinachopanda ni karatasi," alisema. "Huku juu hatuwaoni watu wenu wa mwalo. Tunasoma kilichoandikwa kule chini. Kisichoandikwa hakikutokea."

Niliondoka nikiwa na maneno hayo, na kwenye kivuko, kisiwa kimoja kidogo cha mawe kikipita polepole ubavuni mwetu, niliwaza juu ya mambo yote yaliyowahi kutokea duniani ambayo hayakutokea.

Mahakama ya Mwanzo ilikuwa nyumba ya bati yenye ukumbi mmoja, madirisha ya mbao na mti wa mwarobaini uani. Karani aliandika madai ya mama mkubwa: kwamba yeye ni mmiliki wa mwamba, kwamba mdaiwa ameuingilia, kwamba anaomba mahakama imzuie. Tangu dakika ile mama mkubwa akawa Mdai. Yule mcheshi wa kofia akawa Mdaiwa. Wito ukaandikwa, ukapelekwa mjini, na siku ya kwanza tukafika, tukaketi, tukaitwa, tukaambiwa mdaiwa hakuletewa wito, tarehe nyingine. Siku ya pili mdaiwa alikuwepo ila mzee mmoja wa baraza alikuwa na msiba. Tarehe nyingine. Siku iliyofuata mvua ilipiga bati kiasi kwamba hakuna aliyesikia lolote, hakimu akaonyesha kwa vidole tu kwamba twende nyumbani.

Kungoja kule nakukumbuka kama usingizi wa mchana. Watu walewale chini ya mwarobaini: wawili walioshtakiana kwa ajili ya mbuzi, wakigawana muhogo wa kuchoma, na mwanamke aliyedai talaka, mume wake akimshikia mwavuli. Kila mtu alikuwa amevaa nguo za kanisani. Majina yaliitwa kutoka ndani, na mwenye jina aliinuka kama mtu aliyeamshwa. Nilijiuliza haki ni nini, kama inahitaji watu wakae namna hii mpaka wasahau walikasirikia nini. Nikamwuliza mama mkubwa.

"Wewe unauliza sana," alisema. "Kula muhogo."

Hatimaye siku ikawadia. Hakimu alikuwa mwanamke, bado kijana, mtu wa Kagera, mwenye sauti ndogo na miwani aliyoivua kila alipofikiri. Kulia kwake alikaa mzee wa baraza mwenye koti la zamani, na kushoto mama mmoja mzee aliyejifunga khanga mabegani. Mama mkubwa akasimama kizimbani, akashika Biblia, akaapa kusema kweli.

"Mdai, mwamba huu uliupataje?"

"Nilipewa, mheshimiwa. Nilipokuja kuolewa."

"Ulipewa na nani?"

"Na yule aliyemzaa mume wangu."

Kalamu ya hakimu ikaenda, ikasimama. "Jina lake?"

Mama mkubwa akatazama dirishani. "Mheshimiwa, mimi ni mkwe wake."

"Nimesikia. Jina lake nani?"

"Ndiyo nakujibu, mheshimiwa. Mimi ni mkwe wake."

Wote mle tulijua. Katika ukoo ule mke hatamki jina la baba mkwe, awe hai au awe kaburini. Humwita kwa kuzunguka: mwenye boma, babu wa watoto, aliyemzaa fulani. Mke anaweza kukaa kwenye ndoa mpaka mvi, apike, azike, alie, na jina lile lisipite mdomoni mwake hata mara moja. Nilikuwa nimelijua jambo hilo maisha yangu yote, na wakati tunajiandaa na shauri halikunijia kichwani hata kidogo. Wala yeye halikumjia.

Hakimu akavua miwani. "Mama, hata kwetu wakwe wanaheshimiwa. Mimi nakuelewa. Lakini kalamu ya mahakama haijaolewa kwenu. Nikiandika 'alipewa na mtu', wakikata rufaa watauliza mtu gani."

Mdaiwa akainuka, mcheshi kama siku zote. "Mheshimiwa, huyo mtoaji hana jina? Basi mimi nimeshtakiwa na mzimu."

Watu wakacheka. Mzee wa baraza akakohoa. "Mheshimiwa, sisi tunamjua. Kila mtu humu anamjua, alikuwa jirani—"

"Mzee," hakimu alimkatiza kwa adabu, "wewe ni mzee wa baraza. Ukitaka kuwa shahidi, shuka hapa ukae kule."

Nikajikuta nimesimama.

"Naweza kulitaja mimi, mheshimiwa."

"Wewe ni nani?"

"Mtoto wa mdogo wake."

"Ulikuwepo alipopewa?"

"Sikuwa nimezaliwa."

"Basi unachojua umesimuliwa. Kaa, dada."

"Nikilitaja, yeye aitikie kwa kichwa tu?"

"Hapo sasa," alisema mdaiwa, "shahidi atakuwa analishwa kwa kijiko."

Hakimu akafikiri, akakubali kwamba mdaiwa ana hoja. Akampa mama mkubwa muda mpaka tarehe nyingine, siku ambayo mdaiwa naye angeleta shahidi wake. Akisema jina, sawa. Asiposema, itaandikwa kwamba hakumtaja aliyempa, na baraza litapima uzito wa maneno yake yakiwa hivyo. Mama mkubwa akashuka kizimbani kama mtu anayeshuka kwenye mtumbwi, akitafuta ardhi kwa kidole cha mguu.

Jioni ile tulikuwa tunawaanua dagaa. Mstari mwekundu ulikuwa umeanza kufifia, magamba ya fedha yamekwama juu yake. Nilijaribu kunyamaza nikashindwa.

"Ni neno tu, mama mkubwa. Aliyekuwa nalo amekufa. Litamke mara moja, tuondoke."

"Mama yako alilitamka la mkwe wake?"

"Kila alipokasirika."

Akacheka kweli, akaweka kikapu chini. "Mama yako ana watoto. Hata akimtukana mkwe wake, ninyi mpo, mnamfunga pale. Mimi nina nini? Mtu akiuliza mimi ni nani katika ukoo huu, nitaonyesha nini? Nitasema mimi ni mkwe wa yule. Na mkwe anajulikana kwa hilo, hasemi jina. Nikilisema nipate mwamba, nitakuwa nimesema mbele ya watu kwamba mimi si mkwe wake. Kama si mkwe wake, mwamba alinipa kwa lipi?"

Nilitafuta matundu katika hoja hiyo, kama nilivyofundishwa, na niliyaona kadhaa. Mila hubadilika. Kizimbani si nyumbani. Mtu ni mkwe kwa kuolewa, si kwa kunyamaza. Nikamwambia yote. Aliyasikiliza huku akichambua takataka kwenye dagaa, akakubali baadhi, akakataa moja, na mwisho akasema kwamba yote ni kweli na bado hatalisema. Sikumwelewa, na sikujifanya kumwelewa. Lakini tangu hapo jina lile lilinifuata. Nililiona, mchana, macho wazi, likitembea juu ya maji kati ya mwamba na kisiwa, mtu mrefu asiyekuwa na uso, akingoja mmoja wetu amwite. Nilikuwa naweza kumwita, na kwangu asingesikia.

Tarehe ilipofika, mama mkubwa aliulizwa kama yuko tayari kulitaja. Akasema hapana, mheshimiwa, naomba radhi. Hakimu akaandika. Nilitazama mkono wake ukienda kutoka upande mmoja wa karatasi hadi mwingine, nikaona mwamba ukiteleza kuingia majini.

Kisha mdaiwa akaitwa, akasema alinunua kwa nia njema, akaonyesha maandishi yake. Kisha akaita shahidi, naye alikuwa shemeji mwenyewe, koti limepigwa pasi, ameshanyoa ndevu. Akaapa. Akaulizwa jina lake na la baba yake, akataja yote mawili kwa sauti ya kwaya. Mama mkubwa aliinamisha uso jina lile lilipopita, kama mtu anayempisha mkubwa mlangoni. Shemeji akaeleza kwamba ufukwe ulikuwa wa baba yake, baba akafa, kaka akafa, akabaki yeye, akauza. Yalikuwa maelezo mafupi, yamenyooka. Mdaiwa akaridhika akaketi.

"Mdai, unaruhusiwa kumhoji shahidi," hakimu alisema. "Una maswali?"

Nilikuwa nimemwandalia maswali. Nilikuwa nimemkaririsha njia nzima, kuhusu mirathi, kuhusu mipaka, kuhusu nani alishuhudia mauziano. Akasimama, akamtazama shemeji yake, na sauti iliyotoka ilikuwa ile ya uani, ya jioni.

"Shemeji, umenyoa. Unaoa?"

Ukumbi ukacheka. Hakimu akainua kichwa.

"Nikikuoa wewe nitakula nini?" shemeji alijibu papo hapo. "Mchanga?"

"Nani alikulisha mchanga?"

"Haya, anajifanya amesahau! Mheshimiwa, huyu alipoletwa hapa, bibi harusi, hajawahi kuona ziwa. Akaanika dagaa mchangani siku nzima, anajisifu. Jioni tukala." Akageukia benchi la watu, mikono juu, ilikuwa wazi kwamba kisa hiki amekwisha kukisimulia kwenye pombe na misiba mara zisizohesabika. "Krr! Krr! Nyumba nzima kama mnasaga mahindi. Mimi jino hili hapa lilivunjika, ni yeye!"

Hata karani alicheka. Mama mkubwa naye alikuwa anatabasamu, ila mikono yake imeshika ukingo wa kizimba.

"Na baba yako, yule uliyemtaja hapa, alisemaje?"

"Baba? Baba alitema. Akasimama, akamshika mkono huyu, akampeleka mpaka kwenye mwamba, sisi wote nyuma tunacheka. Akasema, 'Mama, jiwe hili nakupa wewe, anika hapa mpaka uzeeke, lakini usinitie tena mchanga mdomoni!'"

Kicheko kilipanda, kikafika kwenye bati, kisha kikaanza kushuka chenyewe, mtu mmoja mmoja, mpaka ikabaki sauti ya kalamu ya hakimu. Shemeji bado alikuwa ameinua mikono. Akaitelemsha polepole.

"Shahidi," hakimu alisema bila kuinua uso, "huyo aliyesema 'nakupa wewe' ni nani?"

Shemeji akamtazama mdaiwa. Akatazama Biblia. "Ni baba," alisema. "Baba yangu mzazi."

"Rudia jina lake."

Akalirudia, safari hii polepole. Likaandikwa.

Mdaiwa akaruka. "Alisema amempa kuanikia au amempa kumiliki?"

"Mimi ningejuaje?" shemeji alisema, ameanza kukasirika, sijui na nani. "Mzee alitaka kula dagaa."

Wazee wa baraza waliulizwa maoni yao. Mzee mwenye koti alisema mwamba haulimwi wala haupandwi, kazi yake ni kuanikia tu, kwa hiyo aliyepewa kuanika amepewa wote. Mama mwenye khanga alisema ndiyo, lakini alipewa mpaka azeeke, hakupewa awaachie watu wa kwao. Hakimu akapanga siku ya hukumu, na siku hiyo akaisoma kwa sauti yake ndogo: kwamba kitu kilichokwisha kutolewa na baba hakikuwa tena cha mwana kukiuza, kwamba mwamba utabaki mikononi mwa mdai kwa uhai wake wote, kwamba mchanga kutoka kwenye mkuyu mpaka jiwe linapoanzia ni wa mdaiwa kwa mauziano halali, na kwamba asiyeridhika ana haki ya kukata rufaa. Jina la mzee yule lilisomwa mara nyingi. Kila liliposomwa, mama mkubwa aliinama.

Nje, chini ya mwarobaini, shemeji alimsogelea. Nilidhani watagombana.

"Umenichezea," alisema.

"Kwani nilikuuliza uongo?"

"Hapana. Lakini ungeniambia kwamba tuko mahakamani."

Mimi sikuweza kufurahi moja kwa moja, na mpaka leo nikilifikiria shauri lile nahangaika. Tulishinda kwa sababu mzee mmoja alipenda kuchekesha watu. Angeamka na hasira siku ile, au na jino linauma kweli, kweli ile ile ingekaa ndani yake, na kwenye karatasi isingetokea. Je, hiyo ni haki, au ni hali ya hewa? Nilimwandikia yule wakili swali hilo.

Rufaa haikuja. Alikuja mdaiwa mwenyewe, baada ya majuma kadhaa, bila kopo la rangi. Ziwa lilikuwa limelala, weupe mtupu, huwezi kusema maji yanaishia wapi. Akavua kofia, akaamkia, akakaa kwenye ncha ya mwamba kama mgeni. Alikuwa ameshajenga kibanda chake mchangani, na mzani ulikuwa unazama.

"Kila nikipima samaki, mzani unalala upande," alisema. "Mama, nisaidie kipembe tu cha jiwe."

Mama mkubwa akainuka, akatembea peku kati ya dagaa, akasimama upande wa matete.

"Hapa," alisema, "mpaka pale penye ufa. Usivuke. Na damu ya samaki uioshe."

"Asante, mama."

"Hamwandikiani?" niliuliza.

Mfanyabiashara akanitazama kwa huruma. "Dada, karatasi ninayo. Imo kabatini. Ilinisaidia nini?"

"Na siku mkibishana?"

"Tutabishana," alisema mama mkubwa. "Geuza wale wa upande ule, wameshakauka."

Niliwaendea dagaa. Wao wawili wakaendelea na habari za bei ya barafu, kama watu waliomaliza jambo. Nikatazama huku na huku. Wachuuzi walikuwa mbali, shemeji alikuwa kwake, na kwenye mwamba mzima aliyesikia maneno yale, mbali na wao wawili, nilikuwa mimi peke yangu. Nikaacha dagaa nusu wamegeuzwa, nikaenda mpaka kwenye ufa, nikauangalia vizuri unapoanzia na unapoishia.